Mikanda ya Usalama Kwenye Basi la Shule: Namna ya Kuidai, Kuikagua na Kuhakikisha Inafungwa

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mzazi ambaye mtoto wake hupanda basi la shule kila alfajiri, mjumbe wa kamati au bodi ya shule, na mwenye shule anayetaka kulifanya jambo hili vizuri lakini hajui aanzie wapi. Msimamo wangu niuweke wazi mapema: mikanda ya usalama iwe sharti la lazima katika kila gari linalobeba wanafunzi, liwe basi kubwa, Coaster, Rosa au Hiace. Hata hivyo, sharti hilo halitamlinda mtoto yeyote iwapo litaishia kwenye mkanda unaoning'inia bila kufungwa. Faida moja ya mkanda ambayo husahaulika katika mijadala mingi ni kwamba unalazimisha hesabu. Mkanda mmoja ni wa mtoto mmoja, na mtoto aliyekosa mkanda ni mtoto aliyezidi ndani ya gari. Basi lenye viti 26 na mikanda 26 haliwezi kubeba watoto 45 bila jambo hilo kuonekana wazi kwa dereva, kwa msimamizi, kwa trafiki na kwa watoto wenyewe. Kwa sababu hiyo, mzazi anayedai mikanda anadai pia watoto waache kupakatana, na nitayashika madai hayo mawili pamoja mpaka mwisho.

Elewa kwanza unachokidai, na kwa nini

Gari likigonga kitu likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, mwili wa mtoto asiyefunga mkanda huendelea kwenda mbele kwa mwendo uleule mpaka uzuiwe na kitu kingine: mgongo wa kiti cha mbele, chuma cha kushikilia, kioo, au mtoto mwenzake. Kishindo hicho ni sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 14 hivi, yaani kutoka ghorofa ya nne. Hakuna mtoto wala mtu mzima anayeweza kujizuia kwa mikono yake. Watoto wetu wana udhaifu mwingine ambao watu wazima hawana: wengi huchukuliwa nyumbani saa kumi na moja alfajiri, hulala ndani ya basi vichwa vikiwa vimeegemea dirishani, na breki ya ghafla huwakuta usingizini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani kila mwaka duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilohilo linaeleza kwamba mkanda unaweza kupunguza hatari ya abiria kufa kwa hadi asilimia 50.

Katika kikao cha wazazi hakukosekani mtu wa kusema kwamba hata Marekani, yalikoanzia mabasi ya njano, serikali kuu haiyalazimishi mabasi makubwa ya shule kuwa na mikanda. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, kwa hiyo usiibishie bila kuielewa. Tangu mwaka 1977 kanuni za Marekani zinataka viti vya basi kubwa la shule viwe na migongo mirefu, vijazwe sponji nene mbele na nyuma, na vipangwe kwa karibu, ili mtoto akirushwa apokelewe na mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Kanuni hizohizo zililazimisha mikanda katika mabasi madogo yasiyozidi uzito wa kilo 4,536, kwa sababu gari jepesi hupata kishindo kikubwa zaidi linapogongana na gari zito. Hata kwa mabasi makubwa msimamo ulibadilika. Mwezi Novemba 2015 mkuu wa mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, Mark Rosekind, alitamka hadharani kwamba kila mtoto katika kila basi la shule anastahili mkanda wa pointi tatu, yaani unaopita kiunoni na begani. Mwaka uliofuata, Novemba 21, 2016, basi la shule lilipinduka huko Chattanooga, Tennessee, na watoto sita wakafariki. Baada ya uchunguzi, bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ilizishauri serikali za majimbo zilazimishe mikanda ya aina hiyo katika mabasi makubwa mapya. Mgongo wa kiti cha mbele humpokea mtoto anayerushwa kwenda mbele, lakini basi linapoviringika au kugongwa ubavuni mtoto hutupwa pembeni na juu, mahali ambapo hakuna sponji ya kumpokea.

Sasa viangalie viti vya gari linalombeba mwanao. Coaster nyingi tunazotumia zimeagizwa zikiwa zimeshatumika, viti vyake vimebadilishwa hapa nchini, safu zimeongezwa, na juu ya migongo ya viti kuna vyuma vitupu vya kushikilia vilivyo sawa na uso wa mtoto wa darasa la pili. Hoja ya Wamarekani ya mgongo mrefu wenye sponji haiwezi kuazimwa kwa gari kama hilo.

Kuhusu sheria, ni vyema ukaingia kikaoni ukijua ulipo. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilipoweka wajibu wa kufunga mkanda ilimlenga dereva na abiria wa kiti cha mbele, na wadau wa usalama barabarani wamedai kwa miaka mingi wajibu huo uwafikie abiria wote na watoto wawekewe masharti yao. Kenya ilikwenda mbali zaidi. Kanuni za mwaka 2003, zinazojulikana kwa jina la aliyekuwa waziri, John Michuki, zilianza kutekelezwa Februari 2004 na zikaweka mikanda katika matatu, yaani daladala za huko, kisha baadaye sheria ya trafiki ikaongezewa masharti ya basi la shule, yakiwemo rangi ya njano na mikanda inayowafaa watoto. Aliyewahi kupanda matatu anajua kilichofuata: mikanda ilichakaa na kushika uchafu, abiria akawa anaivuta mapajani pale tu anapoona askari mbele. Nakitaja kisa hicho kwa sababu kinaonyesha kinachopungua sheria inapokuwepo bila mtu mzima mwenye kazi ya kuhakikisha mkanda umefungwa. Kwenye basi la shule mtu huyo anaweza kuwepo kila siku, maana tayari tunamlipa matroni au msimamizi.

Mei 6, 2017, basi aina ya Rosa lililowabeba wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki, na watoto watatu tu ndio walionusurika. Sitasema kwamba mikanda ingewaokoa wote, kwa sababu basi linapoporomoka korongoni mambo mengi huamua nani atapona. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile hakuna mzazi nchini anayepaswa kuambiwa kwamba anasumbua anapouliza mwanawe amekaaje ndani ya gari.

Likague gari likiwa limesimama

Omba ruhusa ya kulikagua gari siku ya Jumamosi, likiwa uwanjani na dereva akiwepo. Nenda na mzazi mwenzako mmoja, futi kamba, tochi na daftari. Mwambie dereva kwa heshima kwamba hamkuja kumchunguza yeye, maana madereva wengi wanayajua matatizo ya magari yao kuliko mtu yeyote na watawaonyesha mambo ambayo msingeyaona wenyewe, mradi wasihisi kwamba lawama zitawaangukia.

Anza kwa kuhesabu. Linganisha idadi ya viti vilivyomo na idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye kadi ya gari au leseni ya usafirishaji. Vikizidi, kuna viti vilivyoongezwa, na hivyo ndivyo vya kutazamwa kwa makini zaidi. Kisha hesabu mikanda, mmoja mmoja, kwa kuuvuta na kuufunga. Msiridhike na jibu kwamba ipo. Mara nyingi mkanda upo, ila umesukumiwa chini kati ya kalio la kiti na mgongo wake ili usiwasumbue wanaofagia. Utakapoingiza mkono na kuutoa utakuta utepe umekakamaa kwa vumbi na juisi iliyokauka, na ndani ya kifungio, pale ulimi wa chuma unapoingia, kuna makombo ya biskuti na ncha ya penseli iliyovunjika. Ukiuchomeka unaingia nusu na kukwama. Mkanda wa namna hiyo uandike kwenye daftari kuwa haupo.

Mkanda unaofaa una dalili zake. Utepe hauna mkato, haujachanika ukingoni, haujapauka kwa jua wala haujafundikwa fundo la kuupunguza urefu. Ulimi unapoingia kwenye kifungio unasikia mlio, na ukivuta kwa nguvu hautoki. Kama mkanda ni wa kujirudisha wenyewe, uvute polepole nao utafuata, kisha uvute kwa ghafla nao unapaswa kukaza palepale. Usipokaza, hautakaza siku ya ajali pia. Tafuta kitambulisho kilichoshonwa karibu na mwisho wa utepe: alama ya herufi E ndani ya duara, pamoja na namba 16 ya kanuni ya kimataifa ya mikanda ya magari, ni ushahidi kwamba mkanda wa aina hiyo ulipimwa na kuidhinishwa. Halafu mwite mtoto wa miaka sita aufungue mwenyewe kwa kidole gumba. Akishindwa, kifungio hicho hakifai katika gari la watoto.

Sehemu inayoamua zaidi uhai wa mtoto haionekani ukiwa umekaa kitini. Ni pale mkanda na kiti vinaposhika kwenye mwili wa gari. Chukulia mtoto wa kilo 30 katika mgongano mkali ambapo mwili huzuiwa kwa nguvu inayofika mara 20 ya uzito wake: kwa nukta chache za sekunde atauvuta mkanda kama mzigo wa kilo 600. Watoto watatu kwenye benchi moja watavuta karibu tani mbili kwa pamoja. Kiti kilichofungwa kwa bolti mbili nyembamba kwenye bati la sakafu, au kwenye ubao, kitang'oka na watoto wakiwa wamefungwa juu yake, na kitakwenda kuwaumiza waliokaa mbele. Kwa hiyo shika mgongo wa kila kiti kwa mikono miwili, ukitikise mbele na nyuma, na usikilize. Piga magoti umulike miguu ya kiti kwa tochi: tafuta kutu, bolti zilizokosa nati, na sehemu zilizochomelewa zikachorwa rangi juu yake. Mwombe fundi wa shule aingie chini ya gari aone kama upande wa pili wa sakafu kuna bamba la chuma linalosambaza nguvu au kuna washa ndogo tu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona shule zikisifiwa kwa kuweka mikanda mipya mizuri juu ya viti vilivyolegea, na wazazi wakirudi nyumbani wakiwa wameridhika.

Kazi ya kufunga mikanda mipya, kwa hiyo, si ya fundi wa kuchomelea wa mtaani hata awe hodari namna gani. Iende kwa karakana inayotengeneza mabodi ya mabasi, na iwe tayari kusema kwa maandishi imetumia bolti za daraja gani, imeweka mabamba wapi, na inafuata kiwango kipi. Nchini Kenya kiwango cha ujenzi wa mabodi ya mabasi ni KS 372 cha shirika la viwango la nchi hiyo. Tanzania waulizeni Shirika la Viwango (TBS) na wakaguzi wa magari wa polisi kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Chagua mkanda unaomfaa mtoto

Mkanda wa pointi mbili hupita kiunoni pekee. Mkanda wa pointi tatu huongeza kipande kinachopita begani na kifuani. Huu wa pointi tatu ndio bora, hasa kwa watoto, kwa sababu wa kiunoni pekee huruhusu kichwa na kifua kujikunja mbele kwa nguvu, na ukikaa juu ya tumbo laini badala ya mifupa ya nyonga unaweza kuumiza viungo vya ndani. Pamoja na hayo, mkanda wa kiunoni uliofungwa vizuri humzuia mtoto asirushwe nje ya gari wala asipigwe huku na huko linapopinduka, na huo ni msaada mkubwa. Kama Coaster yenu ina mikanda ya kiunoni iliyotoka nayo kiwandani, isafisheni na ianze kutumika wiki hii, huku mkitafuta fedha za viti vyenye mikanda ya pointi tatu.

Fedha zikiwa kidogo, msizitawanye. Anzeni na viti ambavyo mbele yake hakuna kitu cha kumpokea mtoto: safu ya kwanza nyuma ya mlango, kiti kilicho jirani na dereva, na kiti cha katikati cha safu ya mwisho kinachotazamana na njia ndefu ya kupitia abiria. Mtoto wa kiti hicho cha mwisho, basi likifunga breki, huruka urefu wa gari lote. Mpaka viti hivyo vipate mkanda, visikaliwe na mtoto. Viti vya kukunja vilivyowekwa njiani viondolewe kabisa, kwa sababu havina pa kushikia mkanda na huziba njia ya kutokea. Mabenchi ya ubavuni yanayotazamana yabadilishwe, kwani mkanda hautengenezwi kumlinda mtu aliyekaa upande. Kifuniko cha injini pembeni ya dereva si kiti, hata kikiwekewa mto.

Watoto wa chekechea wanahitaji uangalizi wa pekee. Mtoto wa miaka mitatu au minne akifungwa mkanda wa mtu mzima, kipande cha begani hupita shingoni na cha kiunoni hupanda tumboni. Kwao tafuteni viti vya kuwainua vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, au mikanda ya pointi tatu ambayo urefu wake wa begani hurekebishwa. Mto wa sofa haufai, maana huteleza. Na kamwe watoto wawili wasifungwe mkanda mmoja, hata wawe mapacha wembamba. Katika mgongano hubanana wenyewe kwa wenyewe kwa nguvu yote ya miili yao.

Fedha, na majibu utakayopewa

Mwenye shule atakuambia mambo matatu: ni ghali, watoto hawatafunga, na sheria haijamlazimisha. La tatu mjibu kwa upole kwamba mzazi analipa nauli kwa makubaliano, na makubaliano yanaweza kudai zaidi ya sheria. La pili nitalijibu hapa chini. La kwanza ndilo lenye uzito, nalo linataka tarakimu. Ombeni bei kutoka karakana tatu, kila moja itaje bei ya kiti kimoja chenye mkanda pamoja na kazi ya kukifunga. Zidisheni kwa idadi ya viti, kisha gawanyeni kwa idadi ya watoto na kwa mihula ya miaka mitatu. Jumla inayotisha ikigawanywa hivyo huwa ongezeko la nauli ambalo wazazi wanaweza kulijadili wakiwa wametulia.

Gharama yenyewe hasa, na hapa ndipo mazungumzo huwa magumu, ni ya watoto waliozidi. Shule iliyozoea kubeba watoto 45 kwenye gari la 26 itapoteza nauli za watoto 19 katika safari hiyo, ama itafute gari la pili, ama gari lilelile liende safari mbili. Semeni jambo hilo wazi kikaoni. Msikubali lijifiche nyuma ya bei ya mikanda, kwa sababu mkiliacha mtapewa mikanda na bado watoto watapakatana. Safari mbili zinaweza kuwalazimu baadhi ya watoto kuchelewa darasani au wengine kuamka mapema zaidi, na hilo ni tatizo la kweli. Linaweza kupunguzwa kwa kupunguza vituo, wazazi wa mtaa mmoja wakikubali kuwakusanya watoto mahali pamoja penye usalama badala ya basi kuzunguka hadi kwenye kila geti.

Mkikubaliana, andikeni. Maneno haya mnaweza kuyatumia kama yalivyo au kuyarekebisha:

"Shule itahakikisha kwamba kila mwanafunzi anayesafiri katika gari la shule, au katika gari lililokodiwa na shule, anakaa peke yake kwenye kiti kinachotazama mbele na chenye mkanda wa usalama unaofanya kazi. Gari halitaondoka kituoni kabla ya msimamizi kuthibitisha kwamba wanafunzi wote wamefunga mikanda. Idadi ya wanafunzi ndani ya gari haitazidi idadi ya mikanda kwa sababu yoyote, ikiwemo kuharibika kwa gari jingine la shule."

Kipengele cha mwisho msikiache. Gari moja likiharibika asubuhi, watoto wake hupakiwa kwenye jingine, na siku hiyo ndiyo mtakayosikia neno "leo tu".

Kila asubuhi na kila jioni

Watoto hufunga mikanda wakifundishwa na kusimamiwa, kama wanavyovaa soksi na kufunga kamba za viatu. Watengeeni nusu saa uwanjani, darasa moja baada ya jingine, wafundishwe ndani ya basi lenyewe. Mfundisheni mtoto kuvua begi la mgongoni kwanza, kwa sababu begi humsukuma mbele na mkanda hulegea. Begi likae chini ya kiti cha mbele, lisikae njiani. Akae mgongo ukiwa umegusa kiti. Kipande cha kiunoni kiguse mapaja, chini kabisa ya tumbo. Kipande cha begani kipite katikati ya bega na kifua, kisipitishwe kwapani wala nyuma ya mgongo. Utepe usijisokote. Kisha aukaze mpaka ulale mwilini.

Msimamizi naye awe na utaratibu usiobadilika. Mtoto akipanda, anaelekezwa kwenye kiti chake cha siku zote, na wadogo wanakaa karibu na msimamizi. Kabla gari halijaondoka, msimamizi anapita akigusa kwa mkono kifungio cha kila mtoto aliyepanda kituoni hapo, kwa sababu macho hudanganywa na sweta. Akimaliza anamwambia dereva neno moja mlilokubaliana, kwa mfano "tayari", na dereva hatii gia kabla ya kulisikia. Kisha msimamizi anakaa na kufunga mkanda wake. Watoto wakimwona amesimama mlangoni akining'inia kama konda, somo lote limepotea. Dereva akiwa wa kwanza kufunga mkanda wake, hata mtoto mkaidi wa darasa la sita huona aibu kukataa.

Utaratibu huu huongeza muda kidogo kwenye kila kituo, hasa wiki ya kwanza. Ratiba ya basi iufikirie tangu mwanzo, kwani dereva aliyebanwa na saa atakimbiza gari ili kufidia, na hapo mmeondoa hatari moja na kuleta nyingine.

Hofu ya moto na maji

Wazazi wengi huuliza mtoto atatokaje gari likiungua au likiingia majini akiwa amefungwa. Swali hili ni la haki na halipaswi kupuuzwa. Mei 14, 1988, karibu na mji wa Carrollton, Kentucky, basi la zamani la shule lililokuwa likitumiwa na kanisa liligongwa, tangi la mafuta likapasuka na watu 27 wakafa; wengi waliuawa na moshi, njia ya katikati ikiwa nyembamba na watu wakisongamana kuelekea mlango wa nyuma. Aprili 2024, jijini Arusha, gari la shule lilisombwa na maji ya mafuriko na wanafunzi wakapoteza maisha. Mtoto hujiokoa katika mazingira kama hayo akiwa na fahamu zake na viungo vyake vizima, na mara nyingi mkanda ndio unaomfikisha katika hali hiyo baada ya kishindo cha kwanza. Aliyezimia kwa kugonga kichwa hawezi kufungua mlango wowote.

Lakini lazima ajue kuufungua mkanda haraka, na hilo hujifunzwa kwa mazoezi. Kila muhula fanyeni zoezi la kutoka ndani ya gari lililosimama: watoto wakae wamefunga mikanda, wafumbe macho, msimamizi atoe amri, kila mmoja afungue mkanda wake kwa kupapasa na watoke kwa mpangilio, mara moja kwa mlango wa mbele na mara moja kwa mlango wa dharura. Wanafunzi wakubwa wapewe jukumu la kuwasaidia wadogo waliokaa nao. Dereva na msimamizi kila mmoja awe na kisu maalumu cha kukatia mkanda, chenye makali yaliyofichwa ndani, kikiwa kimefungwa mahali mkono unafika bila kufungua mkanda. Nyundo za kuvunjia vioo ziwe mahali pake, na mlango wa dharura ufunguke kwa urahisi. Kuhusu maji yanayovuka barabara, agizo liwe moja na liandikwe: gari la wanafunzi haliingii, hata kama magari mengine yanapita.

Kuendelea kukagua

Ukaguzi wa polisi na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani vina faida yake, lakini vinaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Kamati ichague wazazi wawili watakaolipitia gari mwanzoni mwa kila muhula kwa daftari lilelile, na mara mojamoja wasimame kituoni asubuhi bila taarifa na kuhesabu watoto kupitia madirishani. Wakizidi idadi ya mikanda, mpigieni mkuu wa shule siku hiyohiyo, na lalamiko liandikwe tarehe, saa na namba ya gari. Likirudiwa, pelekeni maandishi hayo kwa kikosi cha usalama barabarani cha wilaya na kwa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini. Msimtangaze dereva mitandaoni kwa jina na picha, maana mara nyingi anatekeleza alichoagizwa, na yeye ndiye mtu wa kwanza mnayemhitaji upande wenu.

Gari likipata ajali iliyovuta mikanda kwa nguvu, mikanda hiyo ibadilishwe yote katika viti vilivyokuwa na abiria, pamoja na bolti zake, hata kama kwa macho inaonekana mizima. Nyuzi za utepe huwa zimeshanyooka na hazitafanya kazi vilevile mara ya pili. Shule ikiuza gari au ikinunua jingine lililotumika, ukaguzi uanze upya, na swali la kwanza kwa muuzaji, kabla ya bei na kabla ya injini, liwe viti vimefungwaje sakafuni na mikanda yake iko wapi.